Ukiwa na volti na ampea, omu na wati unazo tayari

Ndani ya kifuniko cha boksi langu la vifaa kuna mistari mitatu ya wino mzito. Miwili niliiandika mwenyewe. Wa tatu aliuandika fundi aliyenifundisha kazi, siku niliyomkera, na herufi zake ni kubwa kuliko zangu:

Volti ÷ ampea = omu
Volti × ampea = wati
KITU KIMOJA, WAKATI MMOJA

Miwili ya kwanza utaikuta kwenye kitabu chochote cha umeme. Nitaipitia haraka, kisha nikae kwenye wa tatu, kwa sababu kila nilipokosea hesabu ya umeme, kugawanya na kuzidisha kulikuwa sahihi kabisa. Kilichokosewa ni namba nilizoziingiza.

Hesabu yenyewe

Volti ni msukumo. Ampea ni wingi wa umeme unaopita kila sekunde. Omu ni ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyoubana umeme usipite. Gereji wengi wanauita rezistansi, ni kilekile. Wati ni kasi ambayo kifaa kinaila nishati, iwe inatoka kama joto, mwanga au mzunguko.

Chukua pasi yangu ya lehemu, ile ya kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya. Ikiwa imepata moto, kwenye plagi yake napima volti 230 na inavuta ampea 0.17. Nagawanya 230 kwa 0.17, napata omu 1,353. Nazidisha 230 kwa 0.17, napata wati 39.1. Kibandiko kwenye mpini kinasema wati 40, kwa hiyo pasi ni nzima na mita yangu haijanidanganya. Namba mbili zimepimwa, mbili zimezaliwa, na kibandiko kimekuwa shahidi.

Ukikosa mojawapo, geuza. Ukijua wati na volti, gawanya wati kwa volti upate ampea: birika la wati 2,000 kwenye volti 230 linavuta ampea 8.7. Ukijua ampea na omu, zidisha upate volti.

Angalia tu vipimo vidogo. Mita ikiandika mA, hizo ni miliampea, na 1,000 zake ndizo ampea moja. Niliwahi kupima koili ya relei, ile swichi inayovutwa na umeme: volti 12, mita inasoma 30. Nikagawanya 12 kwa 30 nikapata omu 0.4, nikaanza kutafuta shoti kwenye kitu kizima. Ilikuwa miliampea 30, yaani ampea 0.03, na jibu la kweli ni omu 400. Wati zake ni 0.36. Tangu hapo nikishapata jibu najiuliza kama linafanana na kitu kilicho mbele yangu. Kitu kidogo cha kuweka kiganjani, kinachovuguvugika tu kikiwa kazini, hakiwezi kuwa na omu 0.4 kwenye volti 12. Kingekuwa kinakula wati 360, na kingeshageuka moshi.

Kuna njia nyingine mbili za kupata wati, na sijawahi kuzikariri kwa sababu zinajitokeza zenyewe. Wati ni volti mara ampea. Volti nazo ni ampea mara omu. Basi pale penye volti weka ampea mara omu, na unabaki na ampea mara ampea mara omu. Ukiiondoa ampea badala yake, unabaki na volti mara volti, gawanya kwa omu. Ile ya kwanza naitumia kwenye waya, viungo na plagi, maana hapo ndipo ninapojua mkondo, yaani ampea. Ya pili naitumia kwenye vitu vya kuchemsha na kupasha joto.

Kinachofaa kukukaa kichwani ni kwamba katika zote mbili namba moja inajizidisha yenyewe. Mkondo ukiongezeka mara mbili kwenye waya uleule, joto linaongezeka mara nne. James Prescott Joule, Mwingereza, ndiye aliyelichapisha hilo mwaka 1841, na kila plagi iliyoyeyuka ninayoifungua inamuunga mkono. Upande wa volti ni vivyo hivyo. Hita ya wati 1,000 iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani ina omu 14.4. Ichomeke kwenye volti 230: 230 mara 230, gawanya kwa 14.4, ni wati 3,674. Volti hazijafika hata mara mbili, lakini hita imebebeshwa mzigo wa hita tatu na zaidi. Mwenye hita atakwambia "iliwaka vizuri sana, halafu ikafa."

Balbu niliyoitupa

Sasa ule mstari wa tatu. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa uanagenzi ilipokuja gari ambayo taa yake ya mbele ya kushoto haiwaki. Nikachomoa balbu, ya volti 12 wati 55, nikaweka mita kwenye omu. Ikasoma 0.5. Nikakumbuka nilichofundishwa, nikagusanisha ncha za mita zenyewe kwa zenyewe, ikasoma 0.2. Hizo ni za nyaya za mita. Nikazitoa, ikabaki 0.3. Nikajiona nimeiva.

Nikagawanya: volti 12 kwa omu 0.3, ampea 40. Fyuzi ya taa ile ilikuwa ya ampea 10. Nikatangaza kwamba balbu imepiga shoti ndani, nikaitupa, nikafunga mpya. Taa haikuwaka vilevile.

Fundi wangu hakusema neno. Aliinama, akaiokota balbu kwenye takataka, akaishika kitakoni na kuigusisha nyaya mbili za betri. Ikawaka, ukuta mzima ukawa mweupe. Akaweka mita moja isome volti kwenye miguu ya balbu, nyingine isome ampea kwenye waya wake.

"Soma."

Volti 12.4, ampea 4.5.

"Gawanya."

Omu 2.76.

"Zidisha."

Wati 55.8.

"Sasa, mwanangu, hiyo shoti yako iko wapi?"

Tatizo la gari lilikuwa waya wa bodi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, ulioliwa na kutu nyuma ya taa. Alipomaliza kuusugua ndipo akachukua kalamu yangu akaandika kwenye kifuniko.

Omu 0.3 zilikuwa za balbu iliyolala, omu 2.76 za balbu iliyo kazini. Uzi wa balbu ni tangsteni, na ukiwaka unapita nyuzi joto 2,500. Metali ikipata moto ukinzani wake hupanda, na kwa uzi ule umepanda mara tisa hivi. Mimi nilichukua volti za balbu inayowaka nikazigawanya kwa omu za balbu iliyozimwa. Kila namba ilikuwa ya kweli kwa saa yake, ila zilikuwa za saa mbili tofauti.

Zile ampea 40 nazo si uzushi mtupu. Sehemu ndogo sana ya sekunde baada ya kuwasha, uzi ukiwa bado baridi, balbu huvuta mkondo mkubwa mno, kisha hushuka mara moja unapopata moto, kabla fyuzi haijawahi kukatika. Ndiyo maana balbu za uzi hupenda kufa wakati wa kuwashwa. Ni mara chache ikufie ukiwa unaitazama inawaka.

Si kila kitu kina tabia hiyo. Koili ya birika, pasi au hita hutengenezwa kwa nikromu, aloi ya nikeli na kromiamu, na ukinzani wake hausogei sana hata ikiwa nyekundu. Hapo ukipima omu ikiwa baridi, na imechomolewa kabisa kwenye umeme, utapata namba iliyo karibu sana na ile ya kazini. Wengi huzoea mita ya omu kwenye koili, wakaamini inafaa kila mahali. Sio hivyo. Kwenye waya, kiungo au swichi mita ya omu karibu haina msaada: omu zinazotafutwa ni ndogo kuliko za nyaya za mita yenyewe, na mita inapitisha mkondo mdogo mno kumtikisa mgonjwa. Kiungo kibovu kinaweza kusoma sifuri kamili, kisha kikawaka moto ukikipitishia ampea nane.

Kupima bila kuunguza mita, wala wewe mwenyewe

Volti hupimwa kwa kuweka ncha mbili za mita pande mbili za kitu, wala hukati chochote. Ampea ni kinyume: mkondo wote lazima upite ndani ya mita, kwa hiyo unakata njia na mita inakuwa sehemu ya waya. Sasa mita ikiwa kwenye ampea, ndani yake karibu hamna ukinzani. Ukiipeleka hivyo pande mbili za betri au soketi, umetengeneza shoti kwa mikono yako.

Nimefanya. Nilimaliza kupima mkondo, nikageuza kitufe cha katikati kwenda volti, nikasahau kuhamisha waya mwekundu kutoka tundu lililoandikwa 10A. Nikagusa betri ya gari. Ncha ya mita ikaliwa kama mshumaa na waya ukanuka. Tundu lile halikuwa na fyuzi, na mita nyingi za bei ya chini ziko hivyo. Ingekuwa soketi ya ukutani nisingeandika haya kwa utani. Desturi yangu sasa: nikishapima ampea, kabla sijasema hata namba niliyoiona, waya mwekundu unarudi kwenye tundu la volti.

Kwa umeme wa ukutani sikati njia kabisa. Natumia mita ya klampu, ile yenye taya zinazoukumbatia waya. Taya zikumbatie waya mmoja tu. Ukizifunga kwenye kebo nzima, mkondo unaokwenda na unaorudi vinafutana na mita inasoma sifuri, nawe utadhani kifaa hakivuti kitu. Kebo ya kifaa huwa imefunika nyaya zote pamoja, kwa hiyo nilijitengenezea kiekstensheni cha nusu mita: ganda la nje nimelichana sentimita kumi na tano, nyaya za ndani zikatengana, kila mmoja na plastiki yake ikiwa nzima kabisa. Hapo klampu inaingia kwenye mmoja. Waya wenye jeraha hata dogo kwenye plastiki yake usiutumie kwa kazi hii.

Mkondo ukiwa mdogo, klampu huyumbayumba. Zungusha waya mara kumi ndani ya taya, soma, gawanya kwa kumi. Ile 0.17 ya pasi ya lehemu niliipata hivyo; kioo kiliandika 1.7. Ujue pia kwamba klampu nyingi za bei nafuu husoma mkondo geu peke yake, yaani ule wa ukutani. Kwenye betri zitakuandikia sifuri bila aibu, labda uwe na ile yenye alama ya mkondo mnyoofu, ule wa betri.

Na namba zote mbili zisomwe kifaa kikiwa kinafanya kazi, ndani ya dakika hiyohiyo. Usichukue volti za asubuhi na ampea za jioni, wala usiandike 230 kwa sababu kibandiko kimesema 230. Volti za ukutani zinapanda na kushuka na mzigo wa mtaa. Georg Ohm mwenyewe, Mjerumani ambaye kanuni ya ukinzani inabeba jina lake, alisumbuliwa na jambo hili kabla ya kuchapisha kazi yake mwaka 1827. Betri za enzi hizo zilikuwa zikishuka katikati ya jaribio. Akaziacha, akatumia metali mbili tofauti zilizounganishwa, kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu, apate msukumo mdogo lakini uliotulia. Alikuwa mwalimu wa shule. Kama yeye hakukubali kugawanya kwa volti zinazoyumba, mimi ni nani?

Kitu kimoja

Nusu nyingine ya mstari huo huponyoka kimyakimya. Volti unazogawanya lazima ziwe za kitu kilekile ambacho ampea zake unazo. Mfano mzuri ni taa ndogo ya LED nyekundu kwenye gari. LED yenyewe inashika volti 2 hivi, na tunataka ipitishe miliampea 20, kwa hiyo tunaitangulizia resista, kipande cha kuubana mkondo. Wanafunzi wengi wanagawanya 12 kwa 0.02 na kuandika omu 600. Lakini volti 12 si za resista. Ni za resista na LED kwa pamoja. Tena injini ikiwaka, gari halina volti 12. Altaneta inapandisha hadi 14.4 hivi. Toa 2 za LED, zinabaki 12.4 kwa resista. Gawanya kwa 0.02, unapata 620. Mimi huchukua 680 inayopatikana kirahisi, mkondo unakuwa miliampea 18, na jicho halitambui tofauti.

Halafu wati, ambazo watu huzisahau: 12.4 mara 12.4, gawanya kwa 680, ni wati 0.226. Resista ya robo wati inaweza kuibeba, ila itafanya kazi ukingoni, na ndani ya dashibodi isiyopitisha hewa itabadilika rangi. Weka ya nusu wati.

Kanuni hiyohiyo inakupa namba ambazo mita ya omu haiwezi kuziona. Betri ya gari ikiwa imetulia inasoma 12.6. Unapiga stata, inavuta ampea 180, betri inashuka hadi 10.4. Volti 2.2 zimepotea ndani ya betri yenyewe. Gawanya kwa 180, ukinzani wake wa ndani ni omu 0.012. Na volti 2.2 mara ampea 180 ni karibu wati 400 zinazopasha betri joto badala ya kuzungusha injini. Betri inavyozeeka ndivyo hizo omu zinavyopanda, na hapo unapata betri inayosoma 12.6 vizuri kabisa lakini haiwashi gari.

Mota na chaja

Hapa inabidi uache kalamu kidogo. Mota kwenye mkondo geu, iwe ya pampu, feni au friji, haitii mistari yangu miwili ilivyoandikwa. Pampu ikipokea volti 230 na kuvuta ampea 4, kuzidisha kunakupa 920, lakini hizo ni volti-ampea. Volti na ampea za mota hazifiki kileleni kwa pamoja, kwa hiyo sehemu ya mkondo huenda na kurudi bila kazi. Kama pawa fakta yake, yaani sehemu ya volti-ampea inayofanya kazi kweli, ni 0.8, wati halisi ni 736. Kugawanya nako, 230 kwa 4, kunakupa omu 57.5, ambazo hutazipata kwenye waya wa koili ukiupima. Waya wenyewe utasoma chini ya hapo kwa mbali, na mota itakuwa nzima. Nimeona koili nzuri zikichanwa kwa hesabu hiyo. Ukitaka wati za mota tumia mita ya wati.

Chaja za simu na kompyuta ni wakaidi kwa namna nyingine. Volti zikishuka, zenyewe huongeza mkondo ili wati zibaki zilezile. Ukinzani wake ukiupiga hesabu leo na kesho utapata majibu mawili, kwa hiyo usihangaike nao.

Birika lililokuwa linachelewa

Nimalizie na kazi iliyonitia hasara, maana ndani yake kuna karibu yote niliyoyasema.

Mteja alileta birika kubwa la kizamani, lita tatu, lenye koili ya kufunga kwa nati. Kibandiko: volti 230, wati 2,000. Shida: linachelewa kuchemka. Nilimsikiliza, nikatikisa kichwa kama daktari, nikabadilisha koili. Sikupima chochote. Wiki moja baadaye akarudi na birika lilelile na maneno yaleyale. Nikamwambia anipeleke linapotumika.

Lilikuwa limechomekwa kwenye ekstensheni ya mita 20, waya mwembamba, mwingi wake umeviringishwa sakafuni. Kabla ya kuwasha, mwisho wa ekstensheni nikapima volti 229. Safi. Hapo ndipo wengi hufunga mita na kulaumu birika. Nikaliwasha, nikaweka klampu kwenye kiekstensheni changu, na ncha za mita nyingine kwenye tundu la jirani ya plagi ya birika. Volti 209, ampea 7.9.

Nikagawanya: omu 26.5. Kibandiko kinataka ngapi? Volti 230 mara 230, gawanya kwa 2,000: omu 26.45. Koili ilikuwa nzima, na ile ya zamani bila shaka ilikuwa nzima pia, nayo nilishaitupa. Tabia haikuwa imeniacha.

Nikazidisha: 209 mara 7.9, wati 1,651. Birika lilikuwa linakosa karibu wati 350. Kuchemsha lita tatu kutoka nyuzi 20 kunahitaji jouli milioni moja hivi. Kwa wati 2,000 ni dakika nane na kitu, kwa 1,651 ni dakika kumi. Mteja hakuwa amekosea hata kidogo.

Sasa swali likahama kutoka birika kwenda kwenye volti 20 zilizopotea njiani, 229 hadi 209. Mkondo wa njiani ni uleule wa birika, ampea 7.9, kwa sababu njia ni moja. Nikapima kwenye soketi ya ukutani, tundu la pili, birika likiendelea kuchemka: 224. Basi volti 5 zimepotea kwenye nyaya za nyumba na za nje. Gawanya kwa 7.9, omu 0.63, zidisha, wati 40. Zimesambaa kwenye urefu mkubwa wa waya, hazimuumizi mtu.

Volti 15 zilizobaki zimeishia kwenye ekstensheni. Omu 1.9, wati 118. Waya ulikuwa wa milimita mraba 0.75. Mita 20 kwenda na 20 kurudi ni mita 40 za shaba, na waya huo una omu 0.025 hivi kwa mita, kwa hiyo waya peke yake ni omu moja. Omu moja kwa ampea 7.9 zikizidishwa zenyewe ni wati 62, na hizo zilikuwa zinapika lile viringisho la sakafuni. Niliweka mkono chini yake nikauondoa haraka. Waya wa unene huo haukutengenezwa kwa birika hata kama ungekuwa umenyooshwa.

Lakini 1.9 toa 1 inabaki omu 0.9, na hizo hazikuwa kwenye waya. Kitu pekee kilichobaki kati ya ukuta na waya ni plagi. Omu 0.9 mara 7.9 mara 7.9: wati 56, ndani ya plagi inayojaa kwenye ngumi. Pasi yangu ya lehemu, inayoyeyusha risasi, ina wati 40.

Nikazima, nikachomoa, nikaifungua. Skrubu moja ilikuwa imelegea, nyuzi za shaba zimegeuka nyeusi, na plastiki kuizunguka imekuwa kama jivu lililogandamana. Mita ya omu, kwa ajili ya kumbukumbu yangu tu, niliiweka kwenye kiungo kile kile plagi ikiwa baridi. Ikasoma 0.2, yaani nyaya zake yenyewe.

Nilimtengenezea mteja ekstensheni ya mita tatu, waya wa milimita mraba 1.5, plagi mpya, skrubu zikakazwa, nyaya zikavutwa moja moja kuhakikisha. Tukawasha birika tena. Volti 223, ampea 8.4. Omu 26.5, zilezile. Wati 1,873. Likichemka nilikwenda kuishika plagi ukutani, nikaikumbatia kwa kiganja chote nikihesabu hadi thelathini. Mteja aliniuliza ninasikiliza nini. Ilikuwa baridi.